Gumzo la ukoo: Tutti Frutti, wimbo mmoja makoo mawili

Juma: Shikamooni wote. Swali kwa wanamuziki wa humu ndani. Bendi imeamua kupiga Tutti Frutti, ule wimbo wa rokenroli wa miaka ya 1950, kwenye harusi ya Tunu. Nimfuate Little Richard au Elvis? Wote wawili wameirekodi.

Mjomba Athumani: Marahaba. Little Richard. Swali limekwisha.

Shemeji Baraka: Halijaisha mjomba, ndiyo kwanza linaanza 😂

Dada Neema: Uzuri wake, Juma, hapa hatuna haja ya ushabiki. Elvis aliimba nyimbo nne za Little Richard ndani ya mwaka 1956 peke yake: Tutti Frutti, Long Tall Sally, Rip It Up na Ready Teddy. Maneno yale yale, muziki ule ule. Sikiliza ya mmoja, halafu ya mwenzake, usiweke kingine katikati. Utasikia wanapoachana.

Mjomba Athumani: Wanaachania kwenye piano. Ngoja niandike.

Mjomba Athumani: Tutti Frutti ya Richard ilirekodiwa New Orleans, studio ya Cosimo Matassa, Septemba 14, 1955. Wimbo haukuwa kwenye mpango. Maneno yake ya awali yalikuwa ya kilabuni, hayaandikiki humu Shangazi Kidawa akiwepo, kwa hiyo prodyuza Bumps Blackwell akamwita Dorothy LaBostrie ayasafishe. Alipomaliza, muda wa studio uliobaki ulikuwa kama robo saa. Hakukuwa na nafasi ya kumfundisha mpiga piano mwingine, ikabidi Richard akae mwenyewe kwenye kinanda. Bahati yetu hiyo. Kwenye nyimbo za mwanzo za kikao kile anaimba kistaarabu tu, kama waimbaji wengine wa bluzi wa wakati ule. Alipopewa piano ndipo koo likafunguka.

Mjomba Athumani: Sasa sikiliza mkono wa kulia. Kila baa, yaani kila fungu la mapigo manne, anagonga chodi (noti kadhaa kwa pamoja) mara 8, na zote 8 zina urefu sawa: ta-ta-ta-ta-ta-ta-ta-ta. Mpiga ngoma Earl Palmer alikuwa amezoea mwendo wa kuyumba, ule wa moja ndefu moja fupi: taa-ta, taa-ta. Kwenye Tutti Frutti bado anayumba huku Richard ananyoosha. Wanasuguana, na joto la rekodi ile linatoka kwenye msuguano huo. Palmer mwenyewe alikuja kueleza kwamba ule mdundo wake wa rokenroli ulianza kwa kujaribu kufuata mkono wa kulia wa Richard.

Juma: Kwa hiyo mwimbaji ndiye aliyemfundisha mpiga ngoma?

Mjomba Athumani: Mwimbaji mwenyewe ni ngoma. Ile kelele ya mwanzo, wop-bop-a-loo-bop, ni mtu anayepiga dramu kwa mdomo. Ukiitamka kama maneno umeshaiharibu.

Mama Tunu: Samahanini kuwakatiza, michango ya ukumbi mwisho Ijumaa. Endeleeni.

Shemeji Baraka: Tumekupata mama.
Mimi niende upande wa studio. Elvis aliirekodi Tutti Frutti Januari 31, 1956, New York, kwa kampuni ya rekodi ya RCA. Gitaa Scotty Moore, besi Bill Black, ngoma D.J. Fontana, piano Shorty Long. Hakuna saksafoni hata moja. Richard alikuwa na saksafoni mbili, ya tena ya Lee Allen na ya baritoni, nzito zaidi, ya Red Tyler, na hizo ndizo zinazojaza chini. Ukiziondoa, wimbo unabaki mkavu, mwimbaji anatakiwa aujaze mwenyewe. Elvis anaujaza kwa spidi. Yake inaisha ndani ya dakika 2, ya Richard inakaribia dakika 2 na nusu. Mimi naona anakimbia kwa sababu hana pa kuegemea.

Dada Neema: Hapo nakubali. Tena angalia silabi. Richard anakata kila silabi kwa ncha ya ulimi, mwanzo wa neno uko juu ya pigo kabisa. Elvis anateleza kwenye irabu, anazimeza, anaziviringisha. Kwenye wimbo wa polepole huo ni utamu. Kwenye Tutti Frutti maneno yanageuka uji.

Binamu Kelvin: Lakini Ready Teddy ya Elvis ni kali. Msimwonee.

Dada Neema: Ready Teddy ni kali, kweli. Na sababu ipo: kwenye beti bendi inagonga na kunyamaza, inagonga na kunyamaza, mwimbaji anabaki peke yake kwenye kimya. Elvis akiachiwa kimya ni hatari, kwa sababu anajua kuigiza. Tena hiyo ni Septemba 1956, Hollywood, bendi imeshapiga majukwaani miezi mingi. Tutti Frutti ilikuwa Januari, RCA walikuwa na wiki chache naye.

Shangazi Kidawa: Mimi nauliza jambo moja. Huyu Elvis si ndiye aliyemwibia yule mwenzake?

Shemeji Baraka: Shikamoo shangazi. Kurudia wimbo wa mtu hakukuwa wizi. Jina la mtunzi lilibaki na malipo ya mtunzi yalikuwepo. Yalikoenda ndiyo habari nyingine: Richard haki za uchapishaji za Tutti Frutti aliziuza kwa dola 50. Na aliyemfunika kwenye wimbo huo hakuwa Elvis, alikuwa mwimbaji mwingine, Pat Boone. Kwenye chati ya pop ya jarida la Billboard, Boone alifika nafasi ya 12, Richard ya 17. Sikiliza ya Boone dakika moja tu. Nyimbo imepigwa pasi mpaka mikunjo yote imeisha.

Shangazi Kidawa: Marahaba. Nimesikiliza. Huyo ni mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

Mjomba Athumani: 😂😂 Shangazi kamaliza kazi.

Juma: Sasa ile "wuuu" ya Richard inatoka wapi? Nikijaribu koo linauma.

Dada Neema: Kwa asili imetoka kanisani. Marion Williams, mwimbaji wa injili, alikuwa na "wuu" hiyo hiyo, na Richard alikulia Macon, Georgia, akisikiliza injili. Kwa kazi ya koo ni vitu viwili tofauti, na wengi wanavichanganya.

Dada Neema: Cha kwanza ni mkwaruzo. Anapoimba beti, sauti ni ya kifua, ina nguvu, na juu yake kuna kama mchanga. Mchanga ule haupaswi kutoka kwenye nyuzi za sauti zenyewe. Unatoka juu kidogo ya nyuzi, mahali panapobana unapojikohoza taratibu. Cha pili ni "wuuu". Pale mkwaruzo unaondoka KABISA. Anaruka kutoka kifuani hadi falseto, ile sauti nyembamba ya juu, safi kama filimbi. Ukitaka kuimba "wuuu" huku bado una mkwaruzo, nyuzi zinasagana. Ndiyo maumivu yako hayo.

Juma: Ndiyo nilivyokuwa nafanya 🙈

Dada Neema: Wengi wanafanya. Elvis naye alikuwa na falseto, ila ni mnyama mwingine. Tafuta Blue Moon. Aliirekodi studio ya Sun, Memphis, Agosti 1954. Falseto yake pale ni ya kulia, nyembamba, pumzi nyingi, kama mtu anayeimba akiwa chumba cha pili. Na cha ajabu, Blue Moon na Tutti Frutti ziko kwenye albamu moja, ile yake ya kwanza ya Machi 1956. Mtu yule yule. Richard wa miaka ile hana rekodi ya namna ile. Kila kitu kwake ni moto.

Binamu Kelvin: Asante! Hicho ndicho nilichokuwa nangoja mtu aseme.

Mjomba Athumani: Moto ukiwa mzuri wa nini maji.

Shemeji Baraka: Mjomba, kwa haki kabisa: sikio la Elvis. Wimbo wa Hound Dog, Julai 2, 1956, alirudia mara 31. Siyo kwamba alikuwa anakosea. Alikuwa anasikiliza, anabadilisha, anarudia, na aliyekuwa anaamua ni yeye, siyo wakubwa wa RCA. Ulivyoimbwa kwanza na Big Mama Thornton, mwimbaji wa bluzi, ulikuwa wa polepole, mwanamke anamfukuza mwanamume. Elvis aliuchukua kwa mtindo wa Freddie Bell na bendi yake, aliowasikia Las Vegas, akaukaza. Huo ni ufundi wa kuchagua. Richard kazi yake ni mlipuko: Tutti Frutti walijaribu mara chache tu, robo saa ikaisha.

Shemeji Baraka: Na kuna maiki. Kule Sun, mwenye studio Sam Phillips alikuwa anaipeleka sauti kwenye mashine ya pili ya tepu. Kichwa cha kurekodi na kichwa cha kusoma vimeachana kama sentimita 5, tepu inakwenda sentimita 38 kwa sekunde, kwa hiyo sauti inarudi ikiwa imechelewa kama sehemu 0.13 ya sekunde. Mwangwi mmoja, pap, basi. Elvis alijifunza kuimba NDANI ya mwangwi ule. Kile kigugumizi chake kwenye Baby Let's Play House, silabi inavyokatikakatika, kinajibizana na mwangwi. RCA walipojaribu kuuiga kwenye Heartbreak Hotel, Nashville, Januari 10, 1956, walitumia ukumbi wa jengo. Ukatoka mrefu, wa pangoni. Kwa wimbo ule ulifaa, lakini siyo kitu kile kile.

Juma: Na Richard?

Shemeji Baraka: Kwa Matassa ni chumba kidogo, kila mtu ndani kwa pamoja, na mnaporekodi ndiyo mmemaliza, hakuna kurekebisha baadaye. Anayetaka kusikika zaidi anasogea kwenye maiki. Richard akipiga ukelele, sauti inazidi uwezo wa mitambo na kukwaruza kidogo. Huo mkwaruzo wa mitambo ukijumlisha na wa koo ndio unaousikia. Kwa hiyo usidhani koo lake pekee linafanya yote hayo.

Mjomba Athumani: Hilo muhimu. Juma, usilipasue koo kutafuta kitu ambacho nusu yake ni mashine.

Juma: Basi nipeni mpango. Harusi ni wiki tatu.

Mjomba Athumani: Kinanda kwanza. Baa 12, ufunguo wa F: chodi ya F baa 4, Bb baa 2, F baa 2, C baa 1, Bb baa 1, F baa 2. Mkono wa kulia mara 8 kwa baa, zote sawa. Kifundo cha mkono kiwe laini. Ukikaza, baa ya 6 mkono umeshaganda na mapigo yanaanza kuyumba bila wewe kujua. Anza mapigo 120 kwa dakika, panda 5 kila siku. Usiikimbilie spidi ya rekodi. Na mpiga ngoma wenu mwambie pigo la 2 na la 4 lisikike mpaka jikoni.

Dada Neema: Koo:
Dakika 5 za kuvuma mdomo umefungwa, kila siku, kabla ya kitu chochote.
Kisha telezesha "wuu" kutoka chini hadi juu kwa oktavu moja, TARATIBU, bila mkwaruzo. Utasikia mahali sauti inapovunjika. Usiikwepe, pitia pale pale mpaka iwe laini.
Siku ya nne ndipo uruke bila kuteleza. Sauti ndogo kwanza.
Mkwaruzo weka mwisho, dakika 10 tu kwa siku. Koo likitekenywa tu, endelea. Likiungua, acha, kunywa maji, nyamaza siku hiyo. Ukiamka sauti imekauka, ujue unabana shingo.

Binamu Kelvin: Na solo? Saksafoni hatuna.

Mjomba Athumani: Mpe gitaa baa 12, lakini asicheze maua. Noti chache, ndefu, kama mtu anayepuliza. Na Juma lazima upige ukelele baa ya mwisho KABLA ya solo. Ukelele ule ndio mlango. Ukiuacha, solo inaonekana kama mtu kapotea njia kaingia.

Shemeji Baraka: Upande wa mitambo ukumbini: mwangwi weka 130 milisekunde, urudi mara moja tu, kiasi kama robo ya sauti halisi. Ukiruhusu urudi mara tatu, wop-bop-a-loo-bop inakuwa supu. Mimi ningeuwasha kwenye nyimbo za Elvis na kuuzima kabisa kwenye Tutti Frutti.

Juma: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:11)

Dada Neema: Nimesikia. Beti nzuri. "Wuuu" unaibana, kidevu kimepanda juu, nakisikia mpaka huku. Shusha kidevu, mdomo mviringo, fanya kama unamwita mtu ng'ambo ya mto.

Juma: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:07)

Dada Neema: Hiyo hapo. Ila F ni juu mno kwako, mwishoni unavuta. Shukeni hadi D.

Mjomba Athumani: D basi: D, G, A. Mpangilio ule ule wa baa. Mpiga gitaa atakushukuru, hana haja ya kubana vidole.

Shangazi Kidawa: Na hiyo Blue Moon mtapiga wakati wa chakula. Watu hawawezi kula pilau huku mnawapigia kelele.

Binamu Kelvin: Hiyo naimba mimi.