Fomu N-400 ya kuomba uraia wa Marekani na usiku nilipojitetea: naomba ushauri

Wa Langoni, Minneapolis
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mwaka juzi, nikitoka zamu ya usiku, mtu alinifuata na kisu pale tunapoegesha magari, nami nikainua spana ya kufungulia magurudumu. Sikumgusa, alikimbia. Polisi walipofika walinikamata mimi, na baadaye mahakama ikalifuta shtaka. Sasa nimeomba uraia, na ofisi ya uhamiaji imeniandikia barua ikitaka habari za usiku ule. Je, nipeleke karatasi ya mahakama peke yake, au niandike pia kwamba nilikuwa nikijitetea?

Wa Shela, Tampa
Kaka, usijishushe kwa kujieleza sana. Huku Florida, tangu 2005, aliyeshambuliwa mahali anapostahiki kuwapo halazimiki kukimbia. Mimi niliwahi kumkabili mwizi dukani kwangu, na askari alichukua maelezo yangu akaenda zake.

Wa Mkomani, St. Paul
Ndugu wa Tampa, hiyo ni sheria ya kwenu, na kumshauri kwayo mkazi wa Minnesota ni kumponza. Huku, ukiwa nje ya nyumba yako, unatakiwa kwanza ujiondoe iwapo njia ipo na ni salama. Julai 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo, katika kesi ya mtu aliyetoa panga kwenye kituo cha treni baada ya kutishwa kwa kisu, iliamua kwamba wajibu huo unamfunga hata aliyetisha tu bila kujeruhi. Jiandae kuulizwa kwa nini hukuingia garini ukaondoka.

Wa Faza, Rochester
Usome uamuzi wenyewe kabla ya kumtia mwenzako hofu. Ulihusu kitu kilichoundwa kuwa silaha. Spana imeundwa kwa ajili ya magurudumu.

Mama wa Matondoni, Leicester
Wanangu, msigombane. Kwetu Lamu mtu akipiga ukemi wa mwizi, watu hutoka madakani na kichochoro kizima kikajaa, kwa hiyo hatukulelewa kujiuliza kama ni wajibu kukimbia. Hata hivyo kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaturejesha kwenye misingi ya sheria ya Kiingereza, na hapa Uingereza kushindwa kukimbia hakukutii hatiani peke yake. Lakini nafasi ya kuondoka, kama ulikuwa nayo, hupimwa pamoja na mengine katika kuamua kama nguvu uliyotumia ilistahili. Mwanangu wa Langoni, roho yangu imetulia kusikia kwamba u mzima.

Wa Langoni, Minneapolis
Ahsante, mama, na nyote. Gari lilikuwa hatua kumi hivi na funguo nilikuwa nazo mkononi, ila yule mwenye kisu alisimama kati yangu na mlango, na jambo hilo halimo katika karatasi ya mahakama. Jibu linatakiwa kabla ya tarehe 30. Je, niliandike?