Kila mtu anakula kivyake nyumbani. Tuanzie wapi kukaa meza moja?

Mama_Pili: Wakuu, naomba ushauri. Tuko wanne. Baba anafika saa 2 usiku, mdogo wa miaka 3 keshasinzia, wa miaka 13 anabeba sahani hadi chumbani na simu mkononi. Nataka tule pamoja bila ugomvi.

Mpakuaji: Dada, kama usiku unawashinda, hamieni asubuhi. Dakika 15 zinatosha. Wala msilenge siku 7: uchambuzi wa tafiti 17 uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Pediatrics ulikuta watoto wanaokula na familia mara 3 au zaidi kwa wiki wana ulaji bora kuliko wenzao. Hauthibitishi kwamba meza ndiyo sababu, lakini mara 3 mnaziweza. Chagueni siku leo, mziandike ukutani.

Kigoda: Huyo mdogo, tazama anachopewa kabla ya mlo. Akinywa maziwa au juisi saa 11 na nusu jioni, saa 12 na robo atachezea kijiko tu, mtu atamlazimisha, kilio kitaanza. Acha saa 2 hadi 3 kati ya kitafunwa na mlo. Katikati ni maji tu.

Angalia na miguu. Ikining'inia, anachoka, anateleza, anajinyonganyonga kitini, halafu anaambiwa mtundu. Weka kigoda chini ya nyayo, magoti yakunjike sawasawa. Mpakulie kidogo: kijiko kikubwa kimoja kwa kila mwaka wa umri, yaani vijiko 3 vya kila aina. Akitaka ataongezwa.

Mama_Pili: Ahsante. Na asipogusa mboga?

Kigoda: Usimbembeleze, wala usimwahidi kitu kitamu. Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, aligawa kazi hivi: mzazi anaamua nini kiliwe, lini na wapi, mtoto anaamua ale au asile, na kiasi gani. Chakula kigeni kinaweza kuhitaji kuletwa mara 8 hadi 15 ndipo akikubali, na wazazi wengi hukata tamaa mapema mno. Kila mlo uwe na kitu kimoja anachokizoea, asibaki na njaa.

Mzee_wa_Meza: Kwa huyo wa 13: simu zote kikapuni, mbali na meza, zako na za baba zikiwemo. Akiona ya mzazi imebaki "kwa dharura", utaratibu umekufa siku hiyohiyo. Na tafadhali, alama za mtihani zisijadiliwe hapo. Kijana anayehojiwa na tonge mdomoni, kesho atasema ameshiba. "Shule vipi?" inazaa "poa" basi, muulize nani kamchekesha leo. Siku moja kwa wiki achague mlo yeye na aupike nawe.

Mpakuaji: Siku baba akichelewa, msimsubiri. Kuleni mapema na mdogo. Baba akifika, mkubwa akae naye kwa tunda wakati anakula.