Februari 12: Lincoln na Darwin kuzaliwa siku moja, mwaka mmoja, ni bahati tu au kuna kitu?

mdadisi_wa_tarehe

Wakuu habari zenu. Mimi ndo huwa naandika zile posti za "siku kama ya leo" kwenye grupu letu la wapenda historia, sasa Februari 12 inakuja na nimekwama, sio kwamba vitu hakuna, vitu viko vingi mpaka sijui nishike kipi niache kipi.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki. Abraham Lincoln, yule rais wa Marekani, na Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, wamezaliwa wote Februari 12, 1809. Yaani siku ile ile na mwaka ule ule, mmoja kwenye kibanda cha magogo huko Kentucky, Marekani, mwingine kwenye nyumba kubwa ya daktari mjini Shrewsbury, Uingereza. Halafu angalia, wote wawili walifiwa na mama wakiwa wadogo, Darwin akiwa na miaka 8 na Lincoln 9. Nilivyogusia tu hilo kwenye grupu watu wakaanza mambo ya nyota, kwamba siku ile ina nguvu yake.

Vingine nilivyonavyo: Lady Jane Grey, malkia wa siku chache wa Uingereza, kukatwa kichwa London 1554, Santiago, mji mkuu wa Chile, kuanzishwa 1541, Chile kutangaza uhuru 1818, mfalme wa mwisho wa China kuachia kiti 1912, NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kuanzishwa Marekani 1909, chombo cha NASA kutua kwenye asteroidi (yale mawe makubwa ya angani) 2001, na Zambia kuchukua AFCON 2012.

Maswali yangu: hiyo ya Lincoln na Darwin ni bahati tu? Na mngekuwa nyie mngeanza na lipi? Sitaki kumwaga orodha tu, orodha mtu anaipitisha jicho anaenda zake.

---

hesabu_kwanza

Nyota hapana mkuu. Ukiwa na watu 23 tu chumbani, chansi ya wawili kushea tarehe ya kuzaliwa inakuwa imeshavuka nusu, watu wengi hawaamini wakisikia lakini ndivyo ilivyo, kwa sababu huhesabu watu, unahesabu jozi, na watu 23 wanatoa jozi 253.

Najua utasema hao wameshea mpaka mwaka. Sawa, hapo ni ngumu zaidi, ila kumbuka dunia mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa na watu kama bilioni 1, kwa hiyo siku ile walizaliwa watoto makumi elfu. Sisi tumewachukua wawili waliokuja kuwa wakubwa, tena tumewachukua baada ya kujua wamekuwa wakubwa. Wale wengine wote wa siku ile, ambao nyota yao ingekuwa hiyo hiyo, walilima, walivua, walikufa wachanga, na hakuna anayewauliza. Halafu 1809 yenyewe ni mwaka uliojaa majina: Louis Braille yule wa maandishi ya wasioona Januari 4, Edgar Allan Poe yule mwandishi Januari 19, Mendelssohn yule mtunzi wa muziki Februari 3, Gladstone aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza Desemba. Majina yakirundikana hivyo ndani ya mwaka mmoja, wawili kuangukia siku moja sio muujiza.

---

bibi_msomaji

Hesabu nakubaliana nayo mwanangu, lakini mimi ningeanza na hao hao wawili, sio kwa ajili ya tarehe, kwa ajili ya kitu kinachowaunganisha kweli, nacho ni utumwa. Lincoln kila mtu anamjua kwa hilo, tangazo lake la kuwapa watumwa uhuru la Januari 1, 1863 na yote yaliyofuata. Darwin watu wanamjua kwa nyani na ndege tu.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 1832 Darwin yuko Brazil na meli ya Beagle, ana miaka 23. Nahodha FitzRoy anamsimulia kwamba alimtembelea bwana mmoja mwenye watumwa wengi, bwana yule akawaita watumwa wake akawauliza kama wana furaha na kama wanataka kuwa huru, wote wakajibu hawataki. Darwin akamuuliza nahodha, hivi unadhani jibu la mtumwa mbele ya bwana wake lina maana yoyote? FitzRoy alikasirika mno, akamwambia kama huniamini hatuwezi kukaa chumba kimoja. Darwin akajua ndo safari imeishia hapo. Baada ya masaa machache nahodha akatuma mtu kuomba radhi, yakaisha. Fikiria asingeomba radhi, kijana angeshushwa Brazil, visiwa vya Galápagos asingevifikia kwa safari ile.

Na chuki yake kwa utumwa alikua nayo toka nyumbani. Babu yake mzaa mama, Josiah Wedgwood, ndiye aliyetengeneza ile medali ya mtumwa aliyepiga magoti na minyororo mikononi, ikavaliwa na waliokuwa wanapinga biashara ya watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini na Kusini, vilipoanza 1861 Darwin alimwandikia rafiki yake Asa Gray kule Marekani akitamani Kaskazini watangaze wazi kwamba wanapigana kumaliza utumwa. Aliyekuwa na uwezo wa kutangaza hilo ni nani? Ni yule waliyezaliwa siku moja. Hawakuwahi kuonana hata mara moja.

Hapo una posti nzima, hayo mengine yafuate nyuma.

---

kale_na_sasa

Bibi shikamoo, hiyo ya Beagle umenikosha kabisa.

Mdadisi mimi nakushauri kabla hujaandika utenganishe vitu viwili: yaliyoangukia siku hiyo kwa bahati, na yaliyowekwa siku hiyo kwa makusudi. Orodha nyingi za siku kama ya leo zinavichanganya na ndo maana zinaboa.

NAACP kwa mfano. Haikuanzishwa Februari 12, 1909 kwa bahati. Hiyo ilikuwa miaka 100 kamili toka Lincoln azaliwe, na miezi sita tu nyuma, Agosti 1908, watu weusi walikuwa wameshambuliwa, wameuawa na kuchomewa nyumba Springfield, Illinois, mji ule ule Lincoln alioishi na alikozikwa. Waliotoa mwito wa kukianzisha chama waliichagua tarehe ile ili Marekani ijiulize, miaka 100 ya Lincoln imefikia wapi kama haya yanatokea mlangoni kwake. Ukiandika tu "1909, NAACP yaanzishwa" umeua habari yote.

Chile nao hivyo hivyo. Februari 12, 1817 jeshi la jenerali San Martín, aliyepigania uhuru, lilitoka kuvuka milima ya Andes likawapiga Wahispania pale Chacabuco. Mwaka ulipotimia, Februari 12, 1818, wakatangaza uhuru siku ile ile, kwa makusudi kabisa. Na mji wa Santiago kwa hesabu yao ulikuwa umeanzishwa na Mhispania Pedro de Valdivia Februari 12, 1541. Kwa hiyo pale una matukio matatu, la Santiago limeangukia tu, ila la uhuru limevutwa na la Chacabuco kwa makusudi.

---

kalenda_mbovu

Nikuongezee hapo hapo kwa Santiago na Jane Grey, maana wengi wanateleza. Kalenda tunayotumia leo ilianza Oktoba 1582. Chochote cha nyuma ya hapo huwa kimeandikwa kwa kalenda ya Julius, na karne ile ya 16 kalenda mbili zilikuwa zinapishana siku 10. Maana yake Februari 12 ya Valdivia na Februari 12 ya Jane Grey kwa kalenda ya leo zote ni Februari 22. Waandishi wa historia kwa kawaida wanaacha tarehe ya zamani kama ilivyo, nawe iache, ila ujue.

Kuna kingine. Uingereza enzi hizo mwaka mpya kisheria ulianza Machi 25, ndo maana hati za wakati ule zinaweza kumwekea Jane Grey kifo chake Februari 1553 badala ya 1554. Ukikutana na 1553 usidhani mtu kakosea. Waingereza walikuja kubadilisha 1752, wakalala Septemba 2 wakaamka Septemba 14. Hata George Washington alizaliwa Februari 11, 1731 kwa hesabu ya zamani, akahamia Februari 22, 1732. Lincoln na Darwin wao wako salama, 1809 kote Uingereza na Marekani walishakuwa kwenye kalenda moja.

Jane Grey mwenyewe alikuwa binti wa miaka 16 au 17, alikaa kwenye kiti siku 9 tu Julai 1553, na asubuhi aliyouawa mume wake alitangulia kuuawa. Waliokuwepo waliandika kwamba alipofungwa kitambaa machoni alipapasa akitafuta gogo la kuwekea shingo asilione, mpaka mtu akamwongoza. Mimi hiyo hainitoki kichwani toka niisome.

---

chipolopolo_damu

Jamani mbona Zambia mnaipita kama haipo?? Hiyo 2012 ndo ya kuanza nayo kama grupu lina wapenda mpira.

Aprili 27, 1993 ndege ya jeshi iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon, wakiwa njiani kwenda Dakar kucheza na Senegal kufuzu Kombe la Dunia. Watu 30 wote walikufa, wachezaji 18. Kalusha Bwalya alipona kwa sababu alikuwa Uholanzi kwenye klabu yake na angesafiri peke yake.

Miaka karibu 19 baadaye Zambia inafika fainali ya AFCON, na fainali inachezwa wapi? Libreville. Kabla ya mechi wachezaji walienda ufukweni kuweka maua. Wanakutana na Ivory Coast ya Drogba, Yaya Touré, Gervinho, hakuna aliyewapa Zambia nafasi. Drogba akapewa penalti kipindi cha pili akapaisha. Dakika 120 zikaisha bila bila. Wakaenda matuta, na wakati wa matuta Wazambia wako chini wamepiga magoti, wameshikana, wanaimba. Mweene golikipa akapiga ya kwake akafunga, baadaye akaokoa ya Kolo Touré, Kalaba wa Zambia akapaisha pale pale walipokuwa na nafasi ya kumaliza, Gervinho naye akapaisha, Stopila Sunzu akaweka ya mwisho. 8 kwa 7. Bwalya yule aliyebaki 1993 yuko uwanjani akiwa rais wa chama cha soka, na kocha Hervé Renard kambeba mikononi Musonda, beki aliyeumia mapema tu kwenye mechi, akampeleka kusherehekea na wenzake.

Sasa kale_na_sasa, tarehe hiyo haikuwekwa makusudi na mtu yeyote, na mji haukuchaguliwa kwa ajili ya Zambia. Hiyo utaiweka wapi kwenye mafungu yako mawili?

---

kale_na_sasa

Mkuu hiyo ni fungu la bahati, na mimi naona inauma na kufurahisha zaidi kwa sababu hakuna aliyeipanga. Ila angalia, uzito wake haupo kwenye tarehe, upo kwenye mji. Ndo maana ningeiandika kuanzia 1993 na Libreville, Februari 12 ije mwishoni.

---

mdadisi_wa_tarehe

Aisee nawashukuru sana wote, bibi shikamoo na asante. Nimeamua: naanza na Darwin na FitzRoy, naunganisha na Lincoln na NAACP, halafu Zambia inapata posti yake yenyewe jioni. Jane Grey ataingia na maelezo ya kalenda. Ile asteroidi naiweka kwa kifupi, chombo cha NEAR Shoemaker kutua Eros, cha kwanza kutua kwenye asteroidi wakati hakikuundwa kutua kabisa, na bado kikaendelea kutuma data zaidi ya wiki mbili.

Swali la mwisho. Mfalme wa China, Puyi, niweke Februari 12 au kwao tarehe ilikuwa nyingine?

---

kalenda_mbovu

Weka Februari 12, 1912, iko sawa. Hati yenyewe inasoma siku ya 25 ya mwezi wa 12, mwaka wa 3 wa Xuantong (jina la utawala wa Puyi), kwa kalenda yao ya mwezi, lakini jamhuri mpya ilikuwa imeshaanza kutumia kalenda hii yetu toka Januari 1 mwaka ule. Tangazo lilitolewa na Longyu, mjane wa mfalme aliyetangulia, kwa niaba ya mtoto, maana Puyi alikuwa ametimiza miaka 6 siku 5 tu nyuma. Usiandike kwamba alifukuzwa siku hiyo. Makubaliano yalimwachia cheo na akaendelea kuishi ndani ya kasri Beijing, kufukuzwa ni Novemba 5, 1924, kwa hiyo hiyo itunze kwa posti ya Novemba.