Tupeane uzoefu: Vichekesho vya kwenye mkanda, nani alikuvunja mbavu Tanga?

Wadau wa Tanga, salamu. Tangu King Majuto, yaani Amri Athumani, atutoke Agosti 8, 2018, naona vijana wanamjua kwa vipande vya dakika moja kwenye simu. Linaniuma. Mzee huyu alizaliwa hapa Tanga 1948, akaanza kuigiza jukwaani akiwa bado mtoto, na ufundi wake ulikuwa kwenye kungoja. Mtazameni anapodaiwa pesa. Hajibu. Anaweka kofia sawa, anaangalia pembeni, mdomo unafunguka halafu unafunga, mpaka mdai mwenyewe anaanza kujieleza. Hapo ndipo mzee anapoanza kumgombeza! Watu wameshacheka kabla hajasema kitu, na kwenye kipande kilichokatwa ile ngoja ngoja ndiyo inayotupwa.

Sisi Ngamiani tulimwona kwenye vibanda vya video, deki moja, watu tumebanana kwenye mkeka. Leteni na zenu: nani alikuchekesha, wapi, na alifanyaje?

Mzee wa Pongwe:
Mimi nimekulia kambi ya mkonge. Gari la sinema likija, shuka jeupe linafungwa, na kabla ya picha za kilimo na afya tunawekewa Charlie Chaplin. Hakuna aliyehitaji mkalimani. Ile ya The Gold Rush, ya 1925, siisahau: njaa imembana, anachemsha kiatu, anakikata kwa kisu na uma kwa adabu zote, kamba anazizungusha kama tambi, misumari anainyonya kama mifupa ya kuku. Wazazi wetu walicheka mpaka machozi, na njaa walikuwa wanaijua. Chaplin naye aliijua. Akiwa na miaka saba aliingizwa kwenye nyumba ya maskini huko London. Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa peremende nyeusi, hilo nimelijua uzeeni.

Tena vijana mjue, Vugiri, hapo Korogwe, Waingereza walipiga kambi ya kutengeneza filamu za Waafrika tangu 1935 hadi 1937. Mkoa huu na sinema ni watu wa siku nyingi.

Binti Muheza:
Shikamoo mzee. Kwangu mimi ni Sharo Milionea. Akiwa na Majuto ndipo alipokuwa mtamu zaidi: kijana wa kujidai, mwendo wa madaha, anaringa kwa vitu asivyonavyo, mbele ya mzee asiyebabaishwa na miwani. Kila nyumba ya Tanga ina ugomvi huo wa baba na kijana. Alifariki kwa ajali ya gari huku huku kwetu Muheza, Novemba 26, 2012. Bado nikiona kazi zao nazima kabla ya mwisho.

Mama Makorora:
Na wanawake mbona hamwataji jamani? Bi Chau alisimama na Mzee Small, na bila yeye kumjibu, yule mzee angemchekesha nani? Mama yangu alikuwa akiacha chungu jikoni kuja kumsikiliza Bi Chau akifoka.

Fundi Kamera:
Marahaba kwa mada. Nimewahi kushika kamera kwenye vichekesho vya mtaani. Skripti hakuna, mnapewa kisa asubuhi, mengine msanii anayatoa kichwani. Nilichojifunza: usimsogelee sana. Ukijaza uso kwenye kioo umeua miguu, na nusu ya kichekesho iko miguuni. Tazameni Buster Keaton, mchekeshaji wa sinema za kimya, picha ya 1928, ukuta mzima wa nyumba unamwangukia na yeye amesimama panapopita tundu la dirisha. Kamera iko mbali, unaona ukuta wote na mtu wote, kwa hiyo unajua hakuna ujanja. Ukuta ulikuwa wa kweli.

Kinachonikera ni malipo. Kazi inauzwa mara moja, msanii anachukua chake cha siku ile, kanda inaendelea kuuzwa miaka. Majuto alipougua 2018 ndipo mikataba ya wasanii ikazungumzwa hadi wizarani. Ilikuwa izungumzwe akiwa na nguvu zake.

Mleta mada:
Mama Makorora, kweli kabisa, Bi Chau anastahili uzi wake. Fundi, je, unajua mwenye deki nzima hapa mjini? Nina kanda za VHS za wakati ule, mbili zimeanza kuota ukungu, na nataka zihamishwe kwenye flashi kabla hazijakatika. Mwenye nyingine ndani asizichezeshe kwanza, ukungu unachafua kichwa cha deki. Aniandikie tuzikusanye pamoja.