Mwanangu kauliza kuhusu michoro ya Kolo, nimjibuje?

Mama wa Kondoa: Habari zenu ndugu. Jumamosi nilimpeleka mwanangu wa kidato cha pili kuona michoro ya miambani Kolo. Akaambiwa watu wamechora pale kwa maelfu ya miaka. Usiku nasonga ugali wa uwele, akaniuliza: "Mama, mbona mhubiri wetu anasema dunia nzima ina miaka elfu sita tu?" Nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Babu wa Bahi: Binti yangu, usimkaripie. Mimi ni katekista. Mwaka 1633 Kanisa letu Katoliki lilimlazimisha mwanasayansi Galileo kukana kwamba dunia inalizunguka jua. Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kosa lile mwaka 1992. Miaka 359! Iliniuma nilipoisoma, lakini imani yangu haikupungua.

Ustadhi, Majengo: Shikamoo babu. Kwetu mwanachuoni wa Kiislamu al-Ghazali, karne ya 11, alionya kwamba anayepinga hesabu za kupatwa kwa mwezi kwa jina la dini anaiumiza dini yenyewe. Dada, mwache mtoto aulize.

Mama wa Kondoa: Asanteni. Jumapili baada ya ibada tunamfuata mhubiri, mimi na mwanangu.