MREJESHO: Viungo vya Org kwenye Emacs sasa vinafunguka

Wakuu, niliuliza hapa jinsi ya kufanya viungo (links) vya Org, yaani sehemu ya kuandikia maelezo ndani ya kihariri cha maandishi Emacs, vifunguke kwa Enter, maana kila nikibonyeza, mstari ulikuwa unakatika tu. Nashukuru sana, limekwisha. Aliyesema niweke mpangilio wa org-return-follows-link uwe t (yaani "ndiyo") alipatia. Ila ndani ya jedwali Enter bado inashuka safu ya chini, ndivyo ilivyopangwa. Huko tumia C-c C-o (Ctrl+c kisha Ctrl+o).

Kilichonifurahisha zaidi ni kutengeneza aina yangu ya kiungo. Kazini tunaita kila kazi kwa namba ya jalada, basi nimeandika hivi kwa Emacs Lisp, lugha ya programu ya Emacs:

(defun fungua-jalada (namba _)
  (browse-url (concat anwani-ya-majalada namba)))
(org-link-set-parameters "jalada" :follow #'fungua-jalada)

Hiyo anwani-ya-majalada ni kigeu (nimekiweka kwa defvar) chenye anwani ya mfumo wetu. Sasa nikiandika [[jalada:482]] na kubofya, kivinjari kinafungua jalada lenyewe. Mistari mitatu tu! Kwa kweli hapa ndipo Emacs inapowaacha wengine mbali.

Kwa aliyeuliza kuhusu dirisha kugawanyika kila akifungua faili: ndani ya mpangilio wa org-link-frame-setup, badilisha find-file-other-window iwe find-file.