Nyama ya kusaga nusu kilo, mchana wa haraka, wadau nipeni mbinu

fundi_wa_vitenge

Habari zenu wadau wa jikoni. Mimi nashona nyumbani hapa Tabata, wanangu wawili wanarudi shule kwenye saa saba na nusu hivi, begi halijafika chini washauliza mama leo tunakula nini. Na muda huohuo ndo wateja nao wanakuja kuchukua nguo zao, kwa hiyo siwezi kusimama jikoni saa nzima nachemsha nyama ya mifupa au maharage. Nimehamia kwenye nyama ya kusaga maana inaiva haraka na nusu kilo inatutosha wote. Tatizo najua mapishi mawili tu, rosti ya kulia wali na tambi, na watoto wameshaanza kuchokonoa sahani. Na kingine, nyama yangu inatoa maji mengi afu inajikusanya mabonge mabonge, mchuzi unakuwa na rangi ya kijivu hauvutii kabisa, sijui wenzangu mnafanyaje mpaka inakuwa ile iliyochambuka na rangi nzuri.

Nina jiko la gesi la plate mbili. Friji ipo ila friza yake ni ile ndogo ya juu. Oveni sina. Nataka chakula nikianza saa saba kamili, saa saba na nusu tuko mkekani tunakula. Pilipili watoto hawagusi. Nawasilisha.

bibi_chumbageni

Mwanangu tuanze na hayo maji kwanza, maana hayo ndo yanaharibu kila utakachopika baadae hata nikikupa mapishi mia.

Kikaango kipana, sio sufuria ndefu. Kipate moto sana, kisha tandaza nyama yako bila kufunika, mafuta usitie au tia kijiko kimoja tu kama nyama haina mafuta kabisa. Chumvi bado. Kitunguu bado, nyanya bado. Iache dakika mbili tatu usiishike. Mwanzo utaisikia inachemka, ule mlio mzito wa maji, afu utasikia sauti inabadilika inakuwa kali, inapasukapasuka, hapo ujue maji yamekwisha na sasa inakaangika. Ndo uchukue mwiko uiponde na kuichambua mpaka isiwepo bonge hata moja, chini utaona pameshika rangi ya kahawia, hiyo ndo ladha yenyewe usiikwangue ukaitupa. Sasa tia kitunguu saumu na tangawizi, kitunguu maji kifuate, chumvi, na ndimu kamua mwishoni. Watu wengi wanatia vyote kwa pamoja wanafunika, hapo umechemsha nyama, hujakaanga, haitakuja kuwa na rangi hata ukae nayo mpaka magharibi. Na kama nyama ni kilo nzima usiimwage yote mara moja, kikaango kinapoa, gawa mara mbili.

Ukishaijua hiyo, pilau ya nyama ya kusaga unaiweza ndani ya muda wako. Mchele vikombe viwili loweka unapoanza. Kaanga vitunguu viwili vikubwa mpaka viwe kahawia kabisa, rangi ya pilau inatoka hapo. Saumu na tangawizi, binzari nyembamba iliyotwangwa kijiko kimoja, mdalasini, hiliki, karafuu mbili, pilipili manga kidogo tu kwa ajili ya watoto. Mimina ile nyama iliyokaangwa, viazi ukipenda ukate vidogo sana viwahi kuiva, maji vikombe vitatu, yakichemka mwaga mchele uliochuja maji. Maji yakikaribia kukauka shusha moto mpaka chini, funika, usifunuefunue. Wakati inajikausha katakata kachumbari. Nyama ya kawaida ungekuwa bado unaisubiri ilainike.

mtu_wa_bucha

Dada mimi niko kwenye biashara ya nyama, bibi hapo juu kamaliza upande wa jikoni ila maji na rangi ya kijivu mara nyingine vinaanzia buchani.

Usinunue iliyokwishasagwa iko kwenye sinia. Chagua kipande kwa macho yako, mkono au steki, ning'iniza kwenye mzani kwanza, kisha mwambie akusagie ukiwa umesimama hapo hapo. Ile ya kwenye sinia hujui imeingia nini, mara nyingi ni vipande vya pembeni vilivyobaki vikichanganywa na mafuta na hujui vimebaki tangu lini. Nyama iliyotoka kwenye friza ikayeyushwa nayo ndo inatoa maji sana kwenye kikaango, kwa hiyo ukiweza wahi asubuhi upate ya siku hiyo.

Mafuta usikatae yote. Ya sambusa na tambi iwe kavu, sawa. Lakini kama unataka kababu mwambie akuachie mafuta kidogo, bila mafuta kababu inakuwa ngumu na inakauka mdomoni, na isagwe mara mbili ishikane vizuri. Na kuna nyama yako ya mwisho inabaki ndani ya mashine, ni haki yako ile, mwambie asukume na kipande cha mkate au kiazi itoke, muuzaji mzuri hatakasirika.

Na watu wananirudishia nyama wakisema imeharibika kwa sababu nje nyekundu ndani imefifia kidogo kama kahawia. Hiyo peke yake sio kuharibika, ndani hewa haifiki ndo maana rangi inatofautiana. Nusa na ushike. Ikinuka uchachu au inateleza vidoleni, hiyo tupa.

kijana_wa_kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Dadangu mbona hamjataja kima na mayai jamani, yaani nyama ya kusaga na mayai, huku kwetu hicho ni chakula cha mchana kabisa na cha usiku pia. Ukishakaanga kima yako na kitunguu, nyanya mbili na pilipili mboga, iache iwe na mchuzi kidogo usikauke sana, chimba mashimo kwa kijiko vunja yai moja moja kila shimo, chumvi juu, funika dakika nne au tano kwa moto mdogo. Nyunyiza dania, yale majani ya giligilani. Unakula na boflo, yaani mkate, unachovya, wali hauhitajiki wala ugali. Kwa robo kilo na mayai manne nyinyi watatu mnashiba.

Ama kama una chapati za jana zipashe tu, kima ndani na kachumbari, kunja mtoto anashika mkononi anakula. Mbatata za kuchemsha zikiwepo zikate ndogo changanya na kima, hapo robo kilo inakuwa nyingi.

fundi_wa_vitenge

Asanteni sana jamani, bibi shikamoo na asante kwa maelezo ya ule mlio, hiyo sijawahi kuambiwa na mtu. Kaka wa Mombasa hiyo ya mayai kesho naipika. Swali, nyama ya kusaga inaoshwa au haioshwi? Mama mkwe wangu anaiosha kwenye chujio mpaka maji yanatoka meupe. Na nikikaanga ya siku kadhaa nikaiweka friji inakaa salama? Umeme kwetu unakatika wakati mwingine.

bibi_chumbageni

Marahaba mwanangu. Mimi naosha kile kipande kikiwa kizima kabla hakijasagwa, napeleka kusagisha kikiwa kisafi na kimejichuja maji. Ikishasagwa ukiiosha unamwaga utamu wote na yale maji unayatafuta kwenye kikaango.

nesi_wa_zamu

Naunga mkono bibi hapo kwenye kutoosha iliyosagwa, na naongeza sababu ya kiafya. Ukiosha kwenye chujio yale maji yanarukia sinki, vyombo na kachumbari iliyo pembeni. Vijidudu vinauliwa na moto, bomba haliwezi hiyo kazi.

Naomba mnielewe hapa maana nawaona watoto kwenye kazi yangu na hili linaniuma. Kipande kizima cha nyama vijidudu vinakaa juu zaidi, ukikaanga nje vimekufa. Ikisagwa ile ya juu yote inaingia ndani, kwa hiyo nyama ya kusaga lazima iive mpaka katikati, pasibaki pinki. Wenye kipimajoto cha jikoni wanaambiwa nyuzi 71 za Selsiasi. Huko Marekani mwaka 1993 watoto 4 walifariki kutokana na baga ambazo hazikuiva vizuri na mamia ya watu waliugua, ni bakteria aina ya E. coli ndiye aliyefanya hayo. Nyama iliyochambuliwa kwenye kikaango haina shida sana, inaiva yote. Tatizo ni kababu na baga nene, kata moja katikati uangalie kabla hujampa mtoto.

Kuhifadhi: mbichi kwenye friji ni siku moja, mbili mwisho. Iliyopikwa siku tatu mpaka nne. Usiiache mezani zaidi ya saa mbili, na kwa joto la Dar la kuanzia Desemba mpaka Machi mimi nasema saa moja basi. Umeme ukikatika usifungue friji hovyo, ikifungwa inatunza baridi kama saa nne hivi, zaidi ya hapo nyama ambayo imeshapata joto usiionee huruma. Na ukipasha pasha mpaka itoe moshi yote, sio vuguvugu.

mangi_wa_kibosho

Ndizi mmezisahau. Chukua mshare, zile ndizi za kupika za kwetu Kilimanjaro, menya, kata vipande, chemsha na kitunguu, nyanya, karoti na maji ya kutosha kufunika. Kwenye plate ya pili kaanga nyama kama bibi alivyoelekeza, ndizi zikianza kulainika mimina humo, dakika kumi zishikane, ndimu kidogo. Wachaga tunapika na nyama ya mifupa ndo asili yake ila kwa mtu mwenye haraka hii inafaa sana na watoto wanapenda kwa sababu hakuna cha kutafuna kigumu.

mpemba_muscat

Mie nipo Muscat, nafanya kazi na kurudi nyumbani mchana kwa mapumziko, kwa hiyo shida yako naijua vyema. Ninachofanya siku ya mapumziko natengeneza kima nyingi ile ya msingi tu, nyama, thomu (kitunguu saumu), tangawizi, kitunguu, chumvi na uzile (binzari nyembamba). Nyanya sitii, viazi sitii. Ikipoa nagawa kwenye vifuko, kila kifuko cha mlo mmoja, natoa hewa nakibana kiwe chembamba bapa. Hivyo friza ndogo kama yako inaingiza vingi, unavisimamisha kama vitabu, na kikiwa chembamba kinayeyuka haraka ndani ya kikaango chenye moto, hukisubiri. Baada ya hapo kila siku unaamua. Leo unatia njegere na tui jepesi unakula na wali. Kesho kabichi iliyokatwa nyembamba na karoti bila maji, dakika tano, na ugali. Siku nyengine mchicha. Nyanya na kotmiri (dania) unatia siku ya kula, ladha inakuwa mpya, haonji mtu kiporo.

Katlesi nimeona watu wengi wanazipendekeza kwenye mada za kima lakini mie nakwambia ukweli, katlesi sio chakula cha haraka. Uchemshe mbatata, uziponde, ufinyange, uchovye yai, ukaange, saa nzima imekwenda. Weka siku ya Jumapili.

Badala yake fanya kababu za mchuzi. Nyama mbichi iliyosagwa mara mbili, slesi moja ya mkate uliyoirowesha na kuikamua, thomu, uzile, kotmiri, chumvi. Finyanga ndogo ndogo ukubwa wa ndimu changa, zinaiva upesi na ndani pasibaki pinki kama alivyosema nesi. Mchuzi wako wa nyanya na kitunguu ukichemka zitumbukize moja moja, dakika kumi na tano, mwisho tui zito vijiko vichache. Hukaangi, mafuta hayarukiruki, na unaweza kumhudumia mteja wako mlangoni wakati sufuria inachemka.

fundi_wa_vitenge

Hii ya vifuko imeniokoa kabisa dada wa Muscat, Jumapili naanza. Ila kababu za mchuzi kuna jirani alipika zikavunjika zote ikawa rosti. Inasababishwa na nini? Yai ni lazima?

mpemba_muscat

Yai silitii mie, likizidi nyama inalegea. Mara nyingi zinavunjika kwa sababu ya maji, ama nyama ilikuwa imetoka kwenye friza haijachujika, ama mkate haukukamuliwa vizuri. Pia kanda ile nyama kwa mkono dakika tatu mpaka uione inanata vidoleni, chumvi ikiwemo, hapo inashikana yenyewe. Mchuzi uwe unachemka kweli unapozitumbukiza, ukiwa vuguvugu zinaachia. Na mwiko usiingie mpaka dakika saba nane za mwanzo zipite, ukitaka kuzigeuza shika sufuria kwa vitambaa pande mbili uitikise.

mtu_wa_bucha

Na buchani sema tu ni ya kababu, atajua mafuta kiasi gani aache.